Piza Moshi: ya jiko la kuni, ya kafe, ya wadada wa oda au ya bekari, uchague ipi

Ndugu zangu wakija kutoka Dar hawamalizi siku mbili bila kuuliza piza nzuri Moshi iko wapi, na mimi huwa siwajibu mpaka wanijibu kwanza wao: mtakula saa ngapi, mko wangapi, mnakula pale pale au mnabeba, na kuna mtu hali kitimoto? Wanaona kama nawazungusha ila jibu liko hapo hapo. Mji wetu hauna sehemu mia za piza, zipo za kuhesabika, na kila moja ina kitu inachokiweza na kitu kinachoishinda, sasa ukipeleka shida ya Jumamosi usiku kwenye sehemu inayofaa Jumanne mchana utatoka unasema Moshi hakuna piza. Ipo, tena nzuri.

Mimi nazigawa mafungu manne. Kuna zenye jiko la kuni, kuna kafe na migahawa ya mjini inayotumia oveni ya gesi au ya umeme, kuna wadada (siku hizi na makaka wapo) wanaooka nyumbani na kupokea oda WhatsApp, halafu bekari na supamaketi zinazouza vipande. Nalinganisha kwa mafungu zaidi kuliko kwa majina kwa sababu hapa kwetu piza ni ya mpishi. Mpishi akipata kazi Arusha akahama, ubao wa nje unabaki ule ule, menyu ile ile, bei ile ile, ila piza imeshaondoka naye kwenye basi.

Jiko la kuni

Hapa ntakaa kidogo maana ndipo watu wanapotoa hela nyingi bila kujua wanalipia nini. Wengi wanadhani wanalipia harufu ya moshi. Hapana, unalipia joto. Lile jiko la tofali la mviringo likiwashwa vizuri linafika nyuzi 400 na zaidi, na kule Napoli, Italia, ambako piza ya namna hii ndiko kwao, kuna chama cha wapishi wa piza cha tangu 1984 chenye kanuni zake kabisa, kwamba piza ikae jikoni sekunde 60 mpaka 90 basi, na upana wake usizidi sentimita 35. Mwaka 2017 UNESCO waliuingiza ufundi wa wapishi hao kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, kwa hiyo wenzetu wanalichukulia jambo hili kwa uzito unaostahili.

Sasa hizo sekunde zinakuhusu nini wewe wa Pasua au Majengo hapa Moshi? Zinakuhusu sana, kwa sababu joto kali likilipiga donge la unga ghafla maji yaliyo ndani yanageuka mvuke kwa mkupuo, ukingo unavimba, nje unapata madoa ya kuungua kidogo na ndani unabaki laini, unaukunja haukatiki, wakati oveni ya kawaida ya nyuzi 250 inahitaji dakika kama 10 hivi na dakika zote hizo piza inapoteza maji, inakuwa kama toast. Ndio maana piza mbili zenye unga ule ule, nyanya zile zile na chizi ile ile zinaweza kutoka kama vyakula viwili tofauti.

Namna ya kupima ni rahisi. Inua kipande uangalie chini. Ukiona madoadoa ya kahawia na meusi yametawanyika, sakafu ya jiko ilikuwa na moto wa kutosha. Ukiona peupe pote kama chapati iliyotolewa mapema, jiko halikuwa limeiva hata kama juu chizi imechemka vizuri na ukaipiga picha ikapendeza. Na hii inanileta kwenye kosa ambalo nimeliona mara nyingi sana, watu wanakwenda sehemu ya jiko la kuni saa saba mchana siku ya kazi. Jiko la tofali linahitaji saa nzima na zaidi kushika moto, na hakuna mwenye biashara atakayechoma kuni zote hizo kwa ajili ya wateja wawili, kwa hiyo unachopewa mchana huo ama imetoka kwenye oveni ya gesi ya nyuma ama imetoka kwenye jiko lenye moto wa kubahatisha. Piga simu kabla, uliza swali moja tu, "jiko limewaka?" Wakisema linawashwa jioni, nenda jioni.

Faida nyingine ambayo kwa huku kwetu ni kubwa: umeme ukikatika jiko la kuni halina habari. Meza zina mishumaa, piza zinatoka kama kawaida.

Ubaya wake ni foleni. Jiko la kawaida linabeba piza mbili, tatu kwa pamoja, na kuna msimu wa mlima, kuanzia Juni mpaka Oktoba na tena Januari mpaka Machi mwanzoni, grupu zinashuka Kilimanjaro jioni, watu wamekaa siku sita au saba wanakula chakula cha kwenye hema, wanaingia kumi na tano kwa mpigo na kila mmoja anaagiza yake. Ukifika saa mbili usiku nyuma yao utasubiri mpaka watoto walale mezani. Fika saa kumi na mbili jioni, jiko limeshaiva na meza bado ni zako.

Kafe na migahawa ya mjini

Hizi ndizo naziamini kwa mchana na kwa watu mchanganyiko. Mfano Union Café ya KNCU pale mjini, mtu anakunywa kahawa ya mlimani kwetu wakati mwingine anakula piza, na kwa mtu wa Kilimanjaro kukaa pale kuna maana yake pia, KNCU ni chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa cha tangu 1933, babu zetu wamepeleka kahawa huko. Au Indoitaliano pale New Street, jina linajieleza, Kihindi na Kiitaliano kwenye menyu moja, na hiyo inakuokoa ukiwa na kundi ambalo nusu wanataka piza na nusu wanataka wali na kitu chenye mchuzi. Nawaambia ukweli, mama yangu hajawahi kula piza akashiba kwa roho yake, kwake chakula ni kitu cha moto chenye mchuzi, mtori au kuku wa kienyeji, kwa hiyo nikiwa naye siwezi kumpeleka sehemu yenye piza peke yake nikamwangalia anakula ukingo kwa adabu.

Unachopoteza kwa kafe ni ule mkate. Oveni yao haina moto wa jiko la kuni kwa hiyo wengi wanatengeneza piza nene kidogo, ya kwenye sinia iliyopakwa mafuta, na hiyo ikifanywa vizuri ni tamu kwa namna yake, chini inakuwa ya kukaanga kaanga, inashikika, watoto wanaipenda. Shida inaanza pale ambapo mkate umeokwa kabla, tangu asubuhi au tangu jana, umewekwa pembeni, wewe ukiagiza wanapaka nyanya na chizi juu wanapasha. Utaijua, kingo zake ni ngumu na hazina mapovu ya hewa hata moja, na inakuja haraka kupita kiasi. Sio dhambi kuuliza mhudumu, "mkate mnausukuma sasa hivi au upo tayari?" Niliuliza hivyo sehemu moja yule kaka akaenda jikoni akarudi akasema leo upo tayari ila kesho mchana wanakanda mpya. Nilirudi kesho yake na sikujuta.

Mara ya kwanza sehemu yoyote agiza margherita, usiagize ile yenye vitu kumi juu. Margherita ni mkate, nyanya, chizi na majani ya basili, hakuna pa kujificha. Ikiwa tamu, zote nyingine zitakuwa tamu. Zile za nyama ya kusaga, kuku, soseji na hoho kwa pamoja zinaficha mkate mbaya, halafu zinatoa maji, katikati panalowa kijiko kinazama. Na watu wanaobishana kuhusu nanasi, ile inayoitwa ya Hawaii haikutoka Hawaii wala Italia, ilibuniwa Kanada 1962 na mtu mmoja wa asili ya Ugiriki, Sam Panopoulos, kwa hiyo kula unavyotaka, ila omba nanasi likatwe jembamba na likamuliwe maji kwanza maana mananasi yetu yana maji mengi.

Chizi

Naiweka peke yake kwa sababu hapa ndipo hela yako inapoibiwa kimya kimya, na inahusu mafungu yote manne. Mozarela ikiyeyuka inavutika, unainua kipande inafuata kama uzi. Gauda na cheda zina ladha kali zaidi ila zinaachia mafuta, unaona madimbwi ya njano juu. Halafu kuna ile ya kuiga inayotengenezwa kwa mafuta ya mimea, bei yake ni ndogo, ikiwa ya moto inaonekana sawa lakini ikipoa dakika tano inakuwa kama kifuniko cha plastiki, unaing'oa yote kwa mkupuo. Sisi tuko mkoa ambao ukipanda Machame, Kibosho au Marangu kila boma lina ng'ombe wa ndani, maziwa yapo, kwa hiyo sehemu inayonunua chizi ya maziwa ya kweli naiheshimu hata kama piza yake imezidi za wengine kwa elfu tatu. Waulize wanatumia chizi gani. Anayetumia nzuri anakujibu haraka na kwa furaha.

Wadada wa oda

Hili fungu watu wanalidharau na wanakosea. Dada anayeoka nyumbani mitaa ya Soweto au Rau hapa Moshi anajua oda zake tangu jana yake, kwa hiyo anakanda usiku, donge linalala kwenye friji, asubuhi linaumuka taratibu. Donge lililolala lina ladha, lina mapovu, halinuki hamira. Mgahawa uliokanda saa nne asubuhi kwa hamira nyingi ili iumuke haraka hauwezi kumfikia hapo hata kama una viti vya ngozi. Wengi wao ndio hao hao wanaooka keki za birthday kwa hiyo mkono wa unga wanao, unalipia kwa lipa namba, na ukimwambia punguza chumvi kwa ajili ya mzee, anapunguza kweli.

Kinachowaangusha ni safari. Mdogo wangu alipohitimu pale Chuo Kikuu cha Ushirika niliagiza piza tano kwa mtu wa nyumbani, nilishakula kwake mara mbili na zilikuwa nzuri mno, nikasema saa saba kamili mchana, wageni wako nyumbani, mama ameshapanga sahani. Zikafika saa tisa kasoro, na boda alikuwa amezibeba kwa kuzisimamisha kwenye mfuko kama vitabu. Tulifungua sanduku la kwanza chizi yote imelalia upande mmoja na mkate mtupu upande wa pili, zote tano vile vile. Mdogo wangu alinyamaza, aliingia ndani akakaa, na ile siku ilikuwa yake, ndio maana mpaka leo nikiikumbuka inaniuma. Piza yenyewe haikuwa na kosa hata kidogo.

Tangu hapo nina masharti. Nafuata mwenyewe kama ni zaidi ya mbili. Kama ni boda, nauliza ana begi la kulaza piza, lile la mraba, na kama hana nampa mwokaji elfu mbili zaidi aite boda mwenye begi. Nyumba ya mwokaji iwe ndani ya dakika 15 kutoka kwangu, maana sanduku lililofungwa linajaa mvuke na mvuke unarudi kwenye mkate, piza iliyotoka na ukingo mkavu wa kuvunjika inafika imelegea kama kitambaa. Mwambie aache kifuniko wazi kidogo dakika mbili kabla ya kufunga. Na ikifika imepoa usiipeleke maikrowevu, chukua kikaango kikavu, moto mdogo, weka kipande, funika dakika tatu nne, chini inarudi kuwa ngumu na juu chizi inayeyuka upya. Hii hata kwa piza ya jana inafanya kazi.

Bekari na supamaketi

Kifupi tu. Kipande cha elfu mbili tatu cha kushika mkononi ukiwa unatoka Mbuyuni kwenda stendi, sawa, kinazuia njaa. Ni mkate wenye vitu juu. Kinunue asubuhi, mchana kimeshakauka kwenye kabati la kioo. Kwa mtoto wa shule anayetaka kitu kwenye kontena lake kinafaa kabisa na bei haimuumizi mzazi.

Kubwa moja au ndogo mbili

Hii hesabu naomba uifanye kabla ya kuagiza popote. Piza ya inchi 8 ina kama inchi za mraba 50, ya inchi 12 ina 113. Maana yake ndogo mbili hazifiki kubwa moja. Tuseme ndogo ni elfu 12 na kubwa ni elfu 20, ukichukua ndogo mbili umelipa elfu 24 na umekula kidogo zaidi. Halafu angalia na ukingo, kama ukingo ni inchi moja kuzunguka, kwenye ndogo karibu nusu ya piza yote ni ukingo mtupu, kwenye kubwa ni chini ya theluthi. Mkiwa watatu chukueni kubwa mbili za aina mbili, au omba kubwa moja nusu hivi nusu vile, sehemu nyingi wanakubali wasipokuwa na foleni. Ndogo ina maana kwa mtu mmoja tu au pale ambapo mmoja hali nyama na wengine wanakula.

Na hapo kwenye nyama kuwa makini na wenzako. Moshi tunaishi Wakristo, Waislamu na Wahindu meza moja, na baadhi ya migahawa inauza kitimoto jiko lile lile. Usimwekee rafiki yako Mwislamu piza ya kuku ukadhani umemaliza, uliza kama salami na bekoni zao ni za ng'ombe au za nguruwe na kama kisu cha kukatia ni kimoja. Kama jibu linababaika nenda sehemu ambayo haina nguruwe kabisa, zipo, tena hazina shida kukwambia. Kipindi cha Kwaresma Ijumaa sisi wenyewe tunaagiza margherita au ya mboga na kila mtu anakula kutoka sanduku moja.

Je, uende Arusha?

Kuna watu wanasema piza ya kweli ni Arusha. Ni kilometa kama 80. Sikatai kwamba Arusha wana sehemu nyingi zaidi, ule ni mji ambao wageni wanakaa, makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako pale, ile mahakama ya kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilikuwepo mpaka 2015, na watalii wa Serengeti na Ngorongoro wanapitia pale, kwa hiyo soko la chakula cha kizungu ni kubwa. Ukiwa na shughuli zako Arusha, kula huko kwa raha zako, Njiro na maeneo ya Haile Selassie hutakosa. Ila kutoka Moshi kwa ajili ya piza tu, nauli ya watu wanne kwenda na kurudi ukijumlisha na saa za barabarani, hiyo hela inanunua piza kubwa nyingine hapa hapa na soda juu. Siendi.

Disemba ni habari nyingine. Wachaga wote wamerudi nyumbani, kuanzia tarehe 20 mpaka mwaka mpya kila meza imejaa, wadada wa oda wameelemewa na keki, na donge halilali tena, linakandwa na kuingia jikoni muda huo huo. Kama una ugeni kipindi hicho weka oda wiki nzima kabla, lipa advansi, chagua muda wa saa tano asubuhi sio saa saba, na uzifuate mwenyewe. Ukiwa huna haraka ya kula piza mwaka huo, ngoja masika, Aprili na Mei. Wageni wa mlima wamepungua, jioni kuna kibaridi, sehemu za jiko la kuni zina meza tatu tu zenye watu. Piga simu uulize jiko limewaka, agiza margherita kubwa, na mwambie mpishi aiache sekunde kumi zaidi.